Tarehe Isiyokuwepo

Kazini dada yangu wanamwita Chujio. Si jina la ubaya. Yeye ni mhandisi wa programu za kompyuta, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kusoma walichoandika wenzake kabla hakijafika kwa wateja, na hakuna uchafu unaompita. Nyumbani hatumwiti hivyo, maana nyumbani chujio ni la chai na yeye ndiye anayelipoteza kila mara. Mimi nimechujwa naye tangu sina hata simu. Ndiyo maana najua kuandika programu, na ndiyo maana pia nimekosa kazi. Nitaeleza polepole, kwa sababu nikianza na hasira nitaharibu.

Naishi kwake, chumba cha nyuma, pamoja na meza ya kupigia pasi na masanduku ya vifaa vya mume wake. Shemeji ni fundi wa lifti. Kwenye hiyo meza ya pasi ndipo nilipofundishwa. Dada alikuwa akirudi kutoka kazini anavua viatu, ananiwekea kompyuta yake ya zamani ambayo vitufe vingine vilikuwa vimeng'oka, ananipa swali, kisha anakwenda jikoni. Kabla hajatoka mlangoni alikuwa na kauli yake: "Ukikwama, uliza tena." Nilikuwa nakwama kila baada ya mstari mmoja. Naita, anakuja na mwiko mkononi, anaangalia, haniambii jibu, ananiuliza swali lingine. Nimelia sana kwenye ile meza.

Alinifundisha kuandika kama mtu anayewaandikia wageni. Jina la kitu liandikwe lote, si vifupisho ambavyo kesho hata mwenyewe huvielewi. Programu ikikosa cha kufanya iseme kwa adabu, isizime tu. Juu ya kila sehemu uweke maelezo kwa lugha ya kawaida, na usieleze kinachofanyika, hicho kinaonekana. Eleza kwa nini. Na usiseme umemaliza kama hujajaribu tarehe ishirini na tisa Februari.

Hiyo ya mwisho ilitoka kwa marehemu mama yetu. Mama alizaliwa tarehe hiyo, katika mwaka mrefu. Siku moja alikwenda kuchukua kadi ya matibabu. Karani akabonyeza weee, mwisho akamwambia, "Mama, hii tarehe haipo." Aliyeandika programu yao aliikata Februari kwenye ishirini na nane, basi. Mama akarudi nyumbani, akaweka mkoba juu ya kiti, akatutangazia, "Haya wanangu, leo nimeambiwa sikuzaliwa." Tulicheka mpaka machozi. Dada wakati huo alikuwa anamaliza sekondari. Alicheka na sisi, halafu akasema anataka kumjua mtu aliyeandika kitu kile. Hakuwahi kumjua, lakini ndivyo alivyoingia kwenye kazi hii. Mama walimpa Machi mosi, na mpaka anafariki kadi yake ilisema hivyo.

Sasa tuje kwenye mashine. Nyumbani kwetu akili bandia tunaiita mashine tu, kama vile hakuna mashine nyingine duniani, na shemeji hilo linamuudhi kwa niaba ya lifti zake. Dada asubuhi anaisifu, jioni anaitukana. Ilipoingia ofisini kwao alifurahi kweli. Kazi ya wiki nzima ilikuwa inaisha kabla chai haijapoa, akawa anarudi nyumbani jua bado lipo, anakaa kibarazani na mume wake kama wachumba. Kisha wafanyakazi wakaanza kupungua. Mtu wa kwanza aliagwa kwa keki. Wa mwisho hakuna aliyejua amekwenda. Waliona tu kiti chake kimewekewa maboksi ya karatasi.

"Siandiki tena," alituambia siku moja. "Nasoma tu. Kutwa nasoma vilivyoandikwa na mashine, na vingi ni vizuri, hilo ndilo linaloniua. Ningeona makosa ningelala vizuri."

Mimi ndiye niliyeumia kabla yake, sema hakuna aliyenikatia keki. Nilimaliza chuo mwaka ule ule kazi za wanaoanza zilipokauka. Zamani anayeanza alikuwa anapewa vitu vidogo: rekebisha kitufe hiki, panga orodha hii. Anakosea, anasahihishwa, anakua. Sasa vidogo vyote inapewa mashine, na matangazo yote yanataka watu wenye uzoefu. Huo uzoefu tuuokote wapi, hawasemi. Nikaishia duka la kutoa kopi karibu na kituo cha mabasi. Nilikuwa nasimama mchana kutwa nikitoa kopi za vyeti vya watu wengine. Vyangu viko ndani ya bahasha, chini ya godoro.

Ndipo Dada akapigana. Alimfuata meneja wake mara kadhaa akimwambia kwamba ofisi isiyoajiri wanaoanza haitakuwa na wakongwe. Meneja akakubali nafasi moja, ya majaribio, ishindaniwe. Dada alikuja nyumbani na habari hizo akiwa kifua mbele, lakini mimi akanitazama pembeni.

"Wewe hapana, mdogo wangu. Nitakutafutia kwingine. Pale sitaki maneno ya kubebana."

Nikasema sawa, na nikaomba nafasi hiyo kimyakimya. Msinione mwizi. Dada mwenyewe ndiye aliyeanzisha pale ofisini desturi ya kusahihisha kazi bila majina: unapewa namba, wakaguzi wanasoma, hawajui wewe ni mtoto wa nani. Aliianzisha kwa sababu wapwa wa wakubwa walikuwa wamezidi. Mimi nikajiambia, bila jina hakuna dada wala mdogo mtu. Nikishinda, nimeshinda kwa mikono yangu, na siku majina yakifunuliwa atashika kichwa, ataniita mjinga, kisha ataita majirani. Hiyo sura yake niliiona kabisa. Nililala nayo.

Namba yangu ilikuwa kumi na saba. Walitutumia swali siku ya Ijumaa: andika programu ya zahanati inayopokea orodha ya wagonjwa na tarehe zao za kuzaliwa, ipate umri wao, ipange nani anaonwa wapi. Sharti moja, hakuna kutumia mashine. Mpiga picha za pasipoti wa duka la jirani alinicheka. "Na nani atajua?" Ukweli ni kwamba niliifungua. Nilikaa nayo mbele yangu, pale pa kuandikia panapepesa, nikijua ningeuliza sentensi moja tu ningeenda kula. Nikaifunga. Sikuifunga kwa uchaji. Niliifunga kwa sababu muda mrefu nilikuwa sijaandika kitu changu, na nilitaka kujua kama bado nipo.

Nilikuwepo! Niliandika duka likiwa limefungwa Jumapili nzima, mlango nusu, feni inanguruma, na sijafurahi hivyo tangu chuo. Kila jina niliandika lote. Orodha ikiwa tupu, programu yangu ilisema, "Samahani, hakuna mgonjwa hata mmoja kwenye orodha hii." Nilijaribu mtoto aliyezaliwa leo, nikajaribu bibi wa miaka mia, mwisho nikamjaribu mama. Ilimkubali. Niliangalia umri ambao angekuwa nao, nikafuta macho, nikatuma.

Jibu lilikuja wiki iliyofuata, alasiri, mteja akiwa amesimama mbele yangu na kitambulisho chake. "Tunakushukuru kwa kushiriki. Wakaguzi wetu wamejiridhisha kwamba kazi hii imeandikwa na mashine, kinyume cha masharti. Haitaendelea." Nilisoma mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mteja akaniuliza kama mashine ya kopi imeharibika. Nikamwambia haijaharibika, nikamtolea kopi, na ilitoka imepinda.

Njiani nilipanga maneno. Nitamwambia Dada kila kitu, atanigombeza kwa kuomba kwa siri, halafu atawasha moto ofisini. Yeye ni Chujio. Atasoma mistari miwili tu atajua ni mkono wa nani. Hayo ndiyo yaliyonifikisha nyumbani bila kulia barabarani.

Nilimkuta anaimba. Nasema kweli, dada yangu alikuwa anaimba jikoni, mtu ambaye kwa miezi alikuwa anakula huku anatazama ukuta. Shemeji alinikonyeza, kama kusema usiharibu. Tukakaa kula, na kabla sijafungua mdomo wangu yeye akafungua wake.

"Leo nimekamata mwizi."

"Wa nini?" Shemeji akauliza.

"Wa ile nafasi. Watu wanaleta kazi, nyingine mbovu hata huruma zinakuja, lakini ni zao, jasho unaliona. Nikafika kwenye moja, ah! Safi mno. Mwenzangu anasema huyu ndiye, tumpe. Nikamwambia tulia. Mimi nasoma mashine kutwa, naijua kama ninavyojua kikohozi cha mume wangu. Hii ni mashine. Akabisha, nikamwonyesha kimoja kimoja, mpaka akanipa mkono. Meneja mwenyewe alikuja akasema, Chujio bado lipo."

Alilisema hilo neno la mwisho taratibu, akilionja. Nikaelewa kwamba kilichomrudishia uhai si mwizi. Alikuwa ameambiwa bado ana kazi.

"Umejuaje sasa?" Shemeji alimpa nafasi ajidai, na mimi nikamchukia kidogo.

Dada akainua mkono, akaanza kuhesabu kwa vidole. "Majina ya vitu yote yameandikwa kirefu, hakuna hata moja lililokatwa. Mtoto gani wa chuo ana subira hiyo? Halafu adabu. Orodha ikiwa tupu inasema, samahani, hakuna mgonjwa hata mmoja. Samahani! Ina adabu kuliko wewe. Maelezo nayo yamepangwa kama ya mwalimu, kila mahali inakwambia kwa nini."

Niliangalia vidole vyake vikifunguka na kila kimoja nakijua kilikotoka; vyote vilitoka kwenye meza ya pasi, chumba cha nyuma, hatua chache kutoka pale tulipokaa.

"Na cha mwisho ndicho kilichoimaliza," akasema. "Imejaribu mpaka tarehe ishirini na tisa Februari. Nani anakumbuka hiyo? Mtu wa damu na nyama, aliye chini ya presha, anatafuta kazi, anaikumbuka ishirini na tisa Februari?"

"Mama," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia.

"Mama alizaliwa tarehe hiyo, Dada."

Mkono wake ulibaki juu, vidole vimefunguka. Nilitaka kunyamaza hapo, nimhurumie, lakini hasira yangu haina breki. "Namba yangu ilikuwa kumi na saba," nikasema.

Hakulia. Alisogeza sahani, akaleta kompyuta, akaifungua kazi yangu akaanza kuisoma upya kutoka juu, mstari kwa mstari, midomo ikitikisika. Shemeji akasema chakula kinapoa. Dada alipofika mwisho alirudi juu tena.

"Huyu ni mimi," akasema. "Jamani. Nimesoma mwandiko wangu mwenyewe nikauita mwizi."

Kisha akaeleza, na alikuwa anajieleza mwenyewe zaidi kuliko sisi. Kabla ya mashine kulikuwa na jukwaa mtandaoni ambako waandishi wa programu duniani kote walikuwa wakiulizana maswali. Kwa miaka Dada alikuwa anajibu pale wakati wa chakula cha mchana, bure, watu asiowajua, kwa subira ile ile ya mwiko mkononi. Yeye na maelfu ya wengine kama yeye. Waliotengeneza mashine waliyachukua majibu hayo yote wakailisha.

"Kwa hiyo mimi na hiyo mashine tuna mwalimu mmoja," nikamwambia. "Sema yenyewe ina kazi."

Lilikuwa neno baya na nililisema ili limuume. Lilimuuma. Shemeji aliinuka akaanza kukusanya vyombo, ingawa sahani zilikuwa bado zimejaa.

Kesho yake Dada alikwenda ofisini mapema kurekebisha. Alivaa ile blauzi ya mikutano. Mimi nilikuwa dukani nikiangalia simu kila baada ya kopi mbili tatu, na nilikuwa nimeshaanza kutumaini, maana mwili hauna akili. Hakupiga. Nilimkuta nyumbani amekaa kitandani kwangu, chumba cha nyuma, bado na viatu.

"Nimemwambia meneja yote," akaanza. "Kwamba nimekosea. Kwamba ni mdogo wangu, nimemfundisha mimi, na sikujua ameomba. Nilimwambia kama haamini akuite, uandike mbele yake."

"Akasemaje?"

"Akasema anaamini."

Nilisimama. Nadhani nilitabasamu, Mungu anisamehe.

"Kaa," akasema. "Akaniuliza, huyu umemfundisha wewe? Nikasema ndiyo. Na wewe huyohuyo ndiye uliyesema ni mashine? Nikasema ndiyo. Akafikiri. Si mtu mbaya yule, mdogo wangu, ningependa awe mbaya. Akaniambia, sasa Chujio, kama wewe uliyemlea hukuweza kumtofautisha na mashine, mteja ataweza? Tunamwajiri wa nini?"

Nje watoto wa jirani walikuwa wanapiga mpira ukutani. Nilisikiliza mpira.

"Ameifuta nafasi," Dada akasema. "Si yako tu. Ya wote. Amesema hakuna haja ya majaribio tena, majibu ameshayapata. Ningenyamaza angepewa yule wa pili, kuna msichana mmoja ana makosa mengi lakini ana kichwa. Angalau angeingia mtu."

"Ulimjibu nini?"

"Nilirudi kwenye kiti changu nikasoma kazi za mashine mpaka saa ya kutoka. Zilikuwa nzuri."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtoa chumbani kwangu. Sikufanya lolote kati ya hayo. Akavua viatu, akaviweka chini ya meza ya pasi kama zamani, akatoka.

Siku kadhaa tuliishi kwa salamu tu. Jumamosi nikamkuta sebuleni amekunja uso mbele ya kompyuta. Alikuwa ameingia kwenye lile jukwaa la zamani, ambalo sasa halina watu, maswali yote yamehamia kwa mashine. Alikuwa anajaribu kufuta majibu yake.

"Hayafutiki," akasema bila kugeuka. "Ukishaandika si yako tena. Ndivyo tulivyokubaliana tulipojiunga, na nilibofya nakubali bila kusoma. Mimi! Chujio!"

Nilikaa karibu yake. Akanionyesha jibu moja la zamani kabisa, alilomjibu mtu ambaye programu yake ilikuwa inakataa tarehe za watu. Lilikuwa refu na la upole, na alimwuliza yule mtu maswali kabla ya kumpa jibu. Chini kabisa, kama chini ya mengine yote, aliandika kauli yake: ukikwama, uliza tena.

"Ulikuwa unaandika vizuri," nikasema, na nilikuwa namaanisha.

"Nilikuwa napenda," akasema. Akaifunga kompyuta, akaniuliza kama nimekula.

Bado nipo duka la kopi. Mwenye duka ameongeza huduma: mtu asiyejua kuandika barua ya kuomba kazi anakuja, mimi naiambia mashine, inamwandikia, namtolea. Inalipa kuliko kopi. Wiki iliyopita alikuja baba mmoja mlinzi, kofia mkononi, anatafuta kazi baada ya jengo lao kuwekewa kamera. Nikaandika maelezo yake, barua ikatoka safi, kila kitu kirefu, kila kitu na sababu yake. Chini ya barua mashine ikaongeza mstari wake, nami nikaukata.

"Imesemaje hapo mwisho?" yule baba akauliza, maana alikuwa anachungulia.

"Imesema ukikwama, uliza tena."

"Ina adabu," akasema, amefurahi.

"Imefundishwa," nikamjibu, nikamtolea barua yake ikiwa bado ya moto.